Sayansi na Maisha: Anga Baada ya Machweo

Ndugu msomaji, juma hili tutazame chombo kinachoonekana duni, nacho ni antena. Katika jiji la Kigali kiliwekwa kituo cha antena kijulikanacho kwa jina la NURK katika mtandao wa kimataifa wa IGS. Antena yake haihami, na mahali pake pamepimwa barabara. Basi, hesabu za setilaiti zikidai kwamba imesogea ghafla, mtaalamu hushuku kuwa ishara imepotoshwa njiani.

Setilaiti za GPS huzunguka kilomita 20,200 juu ya ardhi. Ishara zake hupita katika tabaka la ayonosfia, ambamo mwanga wa jua huzivunja chembe za hewa na kuzitia umeme. Tabaka hilo huichelewesha ishara. Lakini ishara hutumwa kwa masafa zaidi ya moja, nayo hayacheleweshwi sawasawa. Kutokana na tofauti hiyo, wataalamu hukadiria wingi wa umeme uliomo angani.

Taabu kubwa huanza jua likishatua. Sehemu ya chini ya tabaka hufifia upesi, ya juu ikabaki nzito. Mpishi yeyote anajua kwamba ukimimina maji juu ya mafuta, mafuta hupanda. Vivyo hivyo mapovu makubwa yenye umeme haba hupanda angani, na ishara ipitayo humo humetameta kama nyota, hata pengine kipokezi kikaipoteza. Mapovu hayo hutokea hasa pande zote mbili za ikweta ya sumaku, ipitayo Ethiopia, na Rwanda imo katika ukanda huo. Huzidi kati ya saa mbili na saa sita usiku, hasa karibu na Machi na Septemba, katika miaka ambayo jua lina madoa mengi.

Haya si mambo ya wataalamu peke yao. Tarehe 4 Machi 2002, katika mapigano ya mlima Takur Ghar, Afghanistan, helikopta ya Marekani haikupata onyo lililotumwa kwa redio, ikatua mbele ya adui. Wanajeshi saba wa Marekani walikufa katika mapigano hayo. Mwaka 2014 watafiti walieleza kwamba huenda mapovu ya angani yalichangia kuvuruga mawasiliano ya setilaiti.

Nchini Rwanda, mwaka 2016 ndege zisizo na rubani za Zipline zilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga, zikiongozwa na GPS. Damu hiyo huweza kuwa ya mama aliyejifungua.

Kwa hiyo antena ile iliyotulia inatulinda sote. Nawe askari wa doria, ramani na dira zisikose mkobani. Kifaa kikikuambia upo ng'ambo ya mto, ilhali mto ungali mbele yako, uamini mto.