Hadhira Mbili za Mwaka wa 1977

Katika mihadhara ya fasihi simulizi tumezoea kuambiwa kwamba hadhira ni kiungo cha utendaji: pasipo hadhira hapana fanani, na pasipo fanani hapana hadhira. Kauli hii huandikwa ubaoni, ikanakiliwa daftarini, ikarejeshwa katika mtihani, na aghalabu hapana anayeihoji. Azma yangu katika makala haya ni kuihoji kidogo, na ushahidi nitakaoutumia nimeutoa mahali ambapo wengi wa wasomaji wa jarida hili hawapatarajii: katika albamu na matamasha ya bendi mbili za Uingereza, Pink Floyd na Queen. Nimekuwa shabiki wa bendi hizi tangu shule ya upili. Wenzangu wa uzamili wamekwisha kunitania vya kutosha juu ya jambo hili. Wapo wanaoiita roki kelele za Wazungu, na wapo wanaostaajabu jinsi mtu ashindaye na tenzi maktabani mchana kutwa anavyoweza kurudi chumbani jioni akasikiliza gita la umeme. Sitajitetea. Asiyependa namwomba avumilie hadi aya ya tatu.

Mwishoni mwa Mei 1977 Queen walitumbuiza katika ukumbi wa Bingley Hall, mjini Stafford. Walipomaliza na kuondoka jukwaani, umati haukutoka. Ulibaki palepale ukawaimbia wanabendi You'll Never Walk Alone, wimbo ambao mashabiki wa kandanda miongoni mwetu wanaujua kwa sababu ya Liverpool. Mpiga gita Brian May amesimulia mara nyingi kwamba usiku ule alijiuliza: watu waliobanana hivi, wasio na nafasi hata ya kugeuka, wanaweza kupewa kazi gani? Wanaweza kupiga makofi, wanaweza kukanyaga chini kwa vishindo, wanaweza kuimba. Kutokana na swali hilo ukazaliwa wimbo We Will Rock You, unaofungua albamu ya News of the World iliyotoka Oktoba mwaka uo huo.

Wiki chache baada ya usiku ule wa Stafford, tarehe 6 Julai, Pink Floyd walikuwa Montreal, Kanada, katika uwanja wa Olimpiki, wakihitimisha ziara ya albamu yao Animals. Watu waliokuwa karibu na jukwaa walirusha fataki, wakapiga mayowe katikati ya nyimbo za kimyakimya. Roger Waters, mpiga gita la besi na mtunzi mkuu wa bendi, alighadhibika hata akamtemea mate shabiki mmoja. David Gilmour naye alichukizwa na mambo ya usiku ule kiasi cha kukataa kupiga wimbo wa mwisho. Waters alishtushwa na kitendo chake mwenyewe, na katika kukitafakari akapata wazo la kujenga ukuta baina ya bendi na watazamaji. Wazo hilo likawa albamu ya The Wall, iliyotoka Novemba 1979.

Tazama basi, msomaji. Mwaka ni mmoja, aina ya muziki ni moja, na jambo lililotokea linakaribiana: umati umekataa kunyamaza. Fanani mmoja ameitikia kwa kuupa umati sehemu yake katika wimbo. Mwingine ameitikia kwa tofali.

Kwanza niseme ninavyozihukumu albamu zenyewe, maana shabiki asiyehukumu ni mnunuzi tu. The Wall ni kazi kubwa kuliko News of the World, na sioni haya kulisema hilo mbele ya mashabiki wa Queen. The Wall ni utenzi. Nyimbo zake 26 zinasimulia maisha ya mwimbaji mmoja, Pink, ambaye babake aliuawa vitani kama alivyouawa babake Waters huko Anzio, Italia, mwaka wa 1944. Mama anamlea kwa woga, walimu wanamdhalilisha, na kila jeraha linakuwa tofali. Ukiuondoa wimbo mmoja kisa kinachechemea. Kasoro yake ni mwishoni, pale Pink anaposhtakiwa mahakamani: maigizo yanaumeza muziki, na mimi huwa naharakisha kufika ukuta unapoanguka. News of the World, kwa upande wake, ni diwani, tena diwani isiyo na mhariri. Ina nyimbo mbili za mwanzo ambazo dunia nzima inazijua, ina chache nzuri baadaye, na ina nyingine ambazo zingeachwa pasiwe na anayezililia.

Lakini wimbo ule wa kwanza! Hauna ngoma hata moja. Wanabendi walikanyaga mbao na kupiga makofi ndani ya studio ya Wessex, London, jengo lililokuwa kanisa hapo awali. Sauti zikarekodiwa mara nyingi na kupangwa kwa kupishana muda kidogo kidogo, ili msikilizaji ajihisi amesimama katikati ya watu wengi. Gita halisikiki kwa uzito hadi karibu na tamati. Kwa maneno mengine, watu wachache ndani ya studio walitunga umati kabla umati wenyewe haujausikia wimbo, kisha kila tamasha likaja kuijaza nafasi iliyokuwa imeandaliwa. Anayekumbuka jinsi mtambaji wetu anavyosema "Paukwa!" na kungoja hataona ajabu. Neno lile limeachwa nusu makusudi.

Freddie Mercury alikuwa bingwa wa kuacha mambo nusu. Katika Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, Queen walipewa dakika 20 hivi mbele ya watu 72,000 uwanjani Wembley, na katika dakika hizo Mercury alipata wasaa wa kuweka ala kando na kuwarushia watu sauti tupu, wakamrudishia, akawarushia nyingine ngumu zaidi. (Najua kwamba alizaliwa Unguja mwaka wa 1946, na najua wapo ndugu zetu wa pwani wanaodai kwamba alikuwa na taarabu kooni. Alipelekwa shule India angali mtoto, na jamii yake ikahamia Uingereza mwaka wa 1964. Tujivunie alikozaliwa, lakini tusimzulie malezi ya muziki ambayo hatuna ushahidi nayo.)

Pink Floyd waliupandisha ukuta wao jukwaani kuanzia Februari 1980. Ulikuwa ukuta wa kweli, wa matofali ya kadibodi, wenye urefu wa mita 12 hivi, uliojengwa na mafundi huku bendi ikipiga, hata ikafika mahali watu walioketi ukumbini hawamwoni mwanamuziki yeyote. Hila haikuishia hapo: wimbo wa kwanza ulipigwa na wanamuziki wengine waliovaa vinyago vya nyuso za wanabendi. Watu wakashangilia vinyago! Gharama ilikuwa kubwa mno hivi kwamba maonyesho yalikuwa 31 tu, katika sehemu nne: Los Angeles, New York, London na Dortmund. Bendi ilipata hasara, isipokuwa mpiga kinanda Richard Wright, ambaye alikuwa amekwisha kuondolewa uanachama na kuajiriwa kwa mshahara. Mwenye kutaka kejeli asitafute mbali.

Hadi hapa mtu angedhani ninawapa Queen ushindi: wao waliijali hadhira, wenzao waliidharau. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wangeandika hivyo na kupata alama nzuri. Historia hairuhusu.

Mwaka wa 1980, wanafunzi wa Afrika Kusini waliokuwa wamegoma kupinga elimu ya kibaguzi waliuchukua wimbo mmoja wa The Wall, ule Another Brick in the Wall wenye kwaya ya watoto wa shule ya London, wakaufanya wao. Mwezi Mei mwaka huo serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Waters aliutunga akikumbuka walimu wa Cambridge waliomkera utotoni. Watoto waliokuwa wakipambana na polisi hawakuwa na habari na walimu wake, wala hawakuwa na tiketi ya Los Angeles. Ukuta alioujenga ili ajitenge na watu ulikwisha kutekwa na watu ambao hakuwawazia alipoutunga.

Queen nao, mabingwa wa hadhira, Oktoba 1984 walikwenda kutumbuiza Sun City, katika Bophuthatswana, wakati wasanii wa dunia walikuwa wameombwa kuisusia Afrika Kusini. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini. Walijitetea kwamba wao si wanasiasa na kwamba waliimba mbele ya watu wa rangi zote. Mimi ni shabiki wao, na utetezi huo sijawahi kuukubali. Fanani anayejua kusoma umati kiasi kile hawezi kudai kwamba hakuona ni nani aliyejenga ukumbi, na ni nani aliyezuiwa kuishi nje ya mipaka iliyouzunguka. Ninapoitazama kanda ya Wembley ya miezi tisa baadaye, mikono ile yote hewani, huikumbuka Sun City. Furaha haiondoki, ila huwa haiko peke yake tena.

Kwa hiyo nauliza: hadhira ya The Wall ni ipi? Ni watu wa Dortmund waliofichiwa bendi kwa kadibodi, au ni watoto wa Afrika Kusini waliouimba barabarani? Fasili yetu ya darasani inawatambua wale wa kwanza pekee, maana ndio waliokuwa ana kwa ana na fanani, japo fanani wenyewe walikuwa nyuma ya ukuta. Naona fasili hiyo ni finyu. Inampa fanani mamlaka ya kuichagua hadhira yake, na mamlaka hayo hana.

Ufinyu huu unatudhuru katika kazi zetu wenyewe. Tazama namna tunavyonukuu ngano tulizozirekodi nyanjani. Tasnifu nyingi nilizozisoma zinatangaza katika sura ya pili kwamba hadhira ni mhimili wa utendaji, kisha katika kiambatisho unakuta ngano imenyooshwa, haina kicheko, haina kikohozi, haina bibi aliyemkatiza mtambaji na kumwambia kwamba kisa hakikuwa hivyo. Sauti hizo zimo katika kanda. Mtafiti amezifuta kwa sababu zinaharibu matini. Huo nao ni ukuta, na hauanguki mwishoni mwa onyesho.

Pink Floyd wenyewe waliwahi kufanya kinyume chake. The Dark Side of the Moon ilitoka Machi 1973, lakini ilianza kupigwa mbele ya watu Januari 1972, ikazungushwa kumbini kwa zaidi ya mwaka mmoja ikibadilika, hata nakala za magendo zilizorekodiwa tamashani zikaitangulia albamu madukani. Pale ambapo leo tunasikia The Great Gig in the Sky, watazamaji wa 1972 walisikia kinanda na sauti zilizorekodiwa za mahubiri na usomaji wa Biblia. Mahubiri yakaondolewa, na mahali pake akaimba Clare Torry bila neno hata moja, mbolezi isiyo na maneno, kwa malipo ya pauni 30. Ilimbidi aende mahakamani mwaka wa 2004 ili atambuliwe kuwa mtunzi mwenza. Kisha Waters aliandika maswali kwenye kadi akawauliza watu waliokuwamo studioni Abbey Road, na majibu yao yakatiwa ndani ya muziki. Paul McCartney aliulizwa, majibu yake yakaachwa kwa kuwa yalikuwa ya mtu anayejichunga. Sauti inayoifunga albamu ni ya bawabu, Gerry O'Driscoll. Hao ndio wangekuwa wa kwanza kufutwa katika kiambatisho chetu.

Ukinilazimisha nichague albamu moja ya Pink Floyd, hata hivyo, sitachagua hiyo wala The Wall. Nitachagua Animals, yenye nyimbo tatu ndefu za mbwa, nguruwe na kondoo zilizotokana kwa mbali na kitabu cha Orwell tunachokijua kama Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Kawegere. Ni albamu yenye hasira safi. Inanisikitisha kwamba ziara yake ndiyo iliyoishia kwenye mate.

Lipo jambo moja linalonisumbua katika haya yote, nami nawaachia wanaoifundisha fasihi simulizi. Oktoba 1971 Pink Floyd walipiga muziki katika uwanja wa kale wa Pompeii, Italia, mbele ya kamera na mafundi tu. Viti vyote vya mawe vilikuwa vitupu. Filamu hiyo ilisafishwa upya na kurudishwa kwenye sinema Aprili 2025. Gilmour alirejea Pompeii Julai 2016, safari hii uwanja ukiwa na watu, taa na fataki. Kwa mujibu wa kila nilichokisema hapo juu, onyesho la 2016 lingepaswa kuwa bora. Nimeyatazama yote mawili zaidi ya mara moja, na lile la 1971, ambalo hakuna anayepiga makofi wimbo unapokwisha, ndilo ninalolirudia.