Cheti Kimoja Hakitoshi

Nilipowaambia wenzangu wa darasa la mwisho kwamba naandika habari za moyo wa paka, walicheka sana. Paka wetu wa shule kazi yake ni kulinda ghala ya unga, na baba yake hakuna amjuaye. Lakini huko Marekani na Ulaya wako paka wenye nasaba iliyoandikwa, kama Maine Coon na Ragdoll, nao huuzwa kwa fedha nyingi.

Mwalimu wetu wa Biolojia alitufundisha urithi kwa mfano wao. Umo katika koo hizo ugonjwa wa misuli ya moyo kuwa minene. Damu hukawia moyoni ikaganda. Bonge likitoka huziba mshipa wa miguu ya nyuma, na paka aliyeruka dirishani asubuhi huiburuta miguu jioni, akilia kwa maumivu. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kosa la jeni liletalo ugonjwa huo katika Maine Coon; mwaka 2007 wakatangaza jingine, la Ragdoll. Tangu hapo mfugaji aweza kupeleka ute wa shavu la paka maabara akapata cheti.

Hapo ndipo nina neno. Wauzaji wengine huonyesha cheti hicho kana kwamba kinasema moyo ni mzima. Hakisemi hivyo! Chasema tu kwamba kosa lile moja halimo. Wako Maine Coon wasio nalo ambao huugua, na wako waliolirithi kwa mzazi mmoja ambao huzeeka salama. Kuujua moyo wenyewe, yapasa daktari aupige picha kwa mawimbi ya sauti, tena arudie mwaka hata mwaka maadamu paka anazalishwa, maana moyo ulio safi leo waweza kunenepa baadaye.

Najua ni gharama. Wala sisemi kila mwenye kosa hilo ahasiwe. Ni wengi mno, na ukoo ungepungua hata maradhi mengine yakapata njia. Apandishwe na asiye nalo, watoto wapimwe. Lakini aliyeonekana moyo mgonjwa asizae tena, hata akiwa na vikombe vya mashindano.

Na matokeo yatangazwe, mabaya pia. Baba yangu, mfugaji wa Ankole, aliponunua fahali aliuliza habari za mama yake. Mwenyewe alikiri kwamba maziwa yalikuwa haba. Tulimnunua vivyo hivyo, kwa bei ndogo.