Siri si Mtaji

Tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu safari ya mwanamazingaombwe, tangu mchezo wake wa kwanza hadi uzeeni, tulitarajia makala kuhusu kazi. Nyingi zilizotufikia zilikuwa vilio. Eti simu za mkononi zimewamaliza wasanii. Eti kila mchezo umeshatobolewa, na mtoto wa darasa la tano anajua njiwa katokea wapi kabla hajatoka. Wapo wanaotaka itungwe sheria. Mmoja ametumia kurasa nzima kumlaani Val Valentino, yule aliyevaa kinyago kwenye televisheni ya Fox mwaka 1997 na 1998 akafichua siri za wenzake, utadhani kipindi kilirushwa jana.

Kati ya hizo nimechapisha moja, iliyoandikwa vizuri kuliko zote, na sasa naomba niipinge.

Mwandishi wake anamleta shahidi mzito, Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliyeeleza katika mojawapo ya barua zake kwamba michezo ya vikombe na kokoto humfurahisha kwa sababu tu anadanganywa. Akionyeshwa inavyofanywa, hamu inamwisha. Sawa. Lakini barua hiyo ina umri wa karibu miaka elfu mbili, na vikombe vinafanyiwa mchezo hadi leo, katika masoko na katika kumbi za bei mbaya, mbele ya watu ambao wengi wao wanajua kuna kokoto ya ziada mahali fulani. Kama siri ndiyo ingekuwa uhai wa mchezo, huu ungezikwa zamani.

Hoja yangu ni kwamba mwanamazingaombwe hakui kwa kuongeza michezo. Huanza kukua pale anapoipunguza. Anayeishi kwa kununua siri mpya kila mwezi ana haki ya kuogopa intaneti, maana hana kingine cha kuuza.

Tumtazame René Lavand, fundi wa karata ambaye wasomaji wetu wengi wanamfahamu kwa video kuliko kwa maisha yake. Alizaliwa Buenos Aires mwaka 1928. Alipokuwa na miaka tisa aligongwa na gari, akapoteza mkono wa kulia. Vitabu vya karata vimeandikiwa watu wenye mikono miwili. Kila ukurasa unakuambia mkono mmoja ufanye hivi wakati mwingine unafanya vile. Kwake maelekezo hayo yalikuwa bure. Akakaa Tandil, akafanya kazi benki, huku akibuni mwenyewe jinsi ya kuchanganya, kuficha na kugawa karata kwa mkono wa kushoto peke yake. Alipoacha benki na kuifanya sanaa kuwa kazi yake alikuwa ameshavuka miaka thelathini. Hakuna duka lililowahi kumuuzia mchezo alioufanya.

Hayo ni ya kusikitisha na ya kutia moyo, na magazeti yameyarudia mno. Mimi linanigusa jambo jingine. Mtu wa mkono mmoja angetarajiwa kushindana kwa kasi, awaonyeshe wenye mikono miwili kwamba hawamzidi. Lavand alikwenda upande wa pili. Aliupunguza mwendo, akaupunguza tena, akawaambia watazamaji kwamba polepole zaidi ya hapo haiwezekani, kisha akarudia polepole zaidi.

Mchezo wake wa vipande vya mkate unatosha kuonyesha ninachosema. Ameketi mezani, mkono wa kulia wa koti umeingizwa mfukoni. Mbele yake kuna kikombe cha kahawa na vipande vitatu vya mkate vilivyofinyangwa kwa vidole. Anaweka kimoja kikombeni. Anaweka cha pili. Cha tatu anakitupa. Anainamisha kikombe: vitatu. Anaanza upya, akisimulia kwa sauti nzito, ya chini, bila haraka yoyote, na mkono unapofika kwenye kikombe unakuwa wazi kabisa mbele ya macho yako. Kimoja, cha pili, cha tatu kinatupwa. Vitatu. Ukimuuliza fundi yeyote wa vikombe atakueleza kanuni kwa dakika mbili, na kanuni haijabadilika tangu enzi za Seneca. Sasa mwambie fundi huyohuyo akae mezani afanye, uone kama utamtazama mara ya tatu.

Aliyetutobolea siri hapo ni nani? Hakuna. Lavand angeweza kuandika njia yake ukutani, na bado asingepatikana wa kuchukua nafasi yake.

Teller, yule asiyesema jukwaani, alilisogeza jambo hili mbele zaidi. Mchezo wake wa mpira mwekundu unatokana na kazi ya David P. Abbott wa Omaha, aliyefariki mwaka 1934. Teller aliufanyia mazoezi miezi mingi, ukumbi ukiwa mtupu, na mwenzake Penn Jillette hakuupenda. Ulipata nafasi katika onyesho lao pale Penn alipokubali kutoka mbele na kuwatangazia watu, kabla mpira haujasogea, kwamba wanachokwenda kukiona kinafanywa kwa uzi tu. Basi. Siri imeshatolewa mlangoni. Kisha mpira unamfuata Teller kama mbwa, unakataa, unabembelezwa, unapita kwenye pete, na watu waliokwishaambiwa habari ya uzi wanaanza kuutafuta uzi huo bila mafanikio. Wanaolalamikia kutobolewa siri wanipe jibu la hili, maana mimi sijaliona katika makala yoyote.

Na wale wanaotaka sheria wasome kesi ya Teller huyohuyo. Ana mchezo uitwao Shadows: ua la waridi katika chombo, kivuli chake juu ya pazia, na kisu kinachokata kivuli huku petali za ua lenyewe zikidondoka. Mtu mmoja wa Ulaya aliuiga, akauweka mtandaoni na kutangaza kuuza siri. Mwaka 2014 mahakama ya Nevada ilimpa Teller ushindi, lakini tazameni sababu. Mchezo kama mchezo haulindwi na hakimiliki. Kilicholindwa ni igizo bubu alilolisajili mwaka 1983: mtu, kisu, kivuli, mpangilio wa kila hatua. Hata hakimu, ambaye si fundi wa kazi yetu, aliona mali ya msanii imelala wapi.

Nirudi nyumbani. Wengi wetu tuliyaona mazingaombwe kwa mara ya kwanza shuleni, tumebanana darasani, madirisha yamezibwa ili asiyelipa asichungulie. Karatasi zinageuka noti. Na kila darasa lilikuwa na yule mtundu wa nyuma aliyeuliza: kama unaweza kutengeneza pesa, mbona unatutoza kiingilio? Msanii wa kawaida alicheka, au alimkaripia mtoto. Lile lilikuwa swali bora kuliko mchezo wenyewe, na halikuhusu siri hata kidogo. Mtoto hakuuliza noti imetoka wapi. Aliuliza mtu huyu ni nani, anataka nini, na mbona hadithi yake haishikani. Msanii aliyelibeba swali hilo hadi nyumbani, akalilalia, akajenga onyesho zima juu ya tajiri wa uongo anayeomba nauli, huyo angekuwa ameanza safari. Aliyekwenda kununua mchezo mwingine alibaki palepale, na ndiye anayetuandikia leo kuhusu simu.

Nimekula nafasi ya wengine. Makala kuhusu safari ya mwanamazingaombwe Mfaransa Robert-Houdin nchini Algeria mwaka 1856 inamfaa kila anayedhani kazi hii haina siasa: serikali ya Ufaransa ilimtoa kwenye mapumziko yake akawaonyeshe Waarabu sanduku ambalo mwanamume mwenye nguvu hawezi kuliinua, kumbe sumaku ya umeme iko chini. Ningependa tu mwandishi asikiamini mno kitabu cha kumbukumbu cha Robert-Houdin mwenyewe. Bingwa wa kiinimacho ni shahidi wa mashaka kwa habari zake. Makala fupi kuhusu Adelaide Herrmann, aliyeendelea na jukwaa baada ya mumewe kufariki mwaka 1896 na kulishika hadi uzeeni, ilistahili kurasa mara mbili zaidi. Kuna pia kisa cha Sophie Lloyd, aliyejivika uanaume akafaulu mtihani wa Magic Circle, chama cha wanamazingaombwe cha London, mwaka 1991, kisha chama kilipoanza kupokea wanawake mwaka uleule kikamfukuza yeye kwa udanganyifu. Chama cha wadanganyifu, kumbukeni. Makala ya bei za vifaa ni ya manufaa.

Ni chama hichohicho cha Magic Circle kilichomfukuza David Devant, rais wake wa kwanza, kwa kuchapisha michezo yake. Husimuliwa kwamba kijana mmoja alijisifu kwa Devant kuwa anajua mamia ya michezo, naye Devant akajibu kuwa yake inahesabika kwa vidole. Kisa hicho kimepitia midomo mingi na idadi hubadilika. Jina la Devant bado linatajwa popote historia ya sanaa hii inapoandikwa. Majina ya waliomfukuza sijaona anayeyataja.

Kwa toleo lijalo tunataka maandishi ya wasanii wenyewe. Chagua mchezo mmoja ulioufanya muda mrefu, utuandikie ulichokiondoa, ulichokibakiza, na sababu. Mkipenda, toboeni siri. Makala za kulalamikia kutobolewa kwa siri tutazirudisha bila kuzisoma.