Kidirisha Kisichojua Ngeli

Anayeunda vidirisha vya ujumbe kwa Tkinter, zana ya lugha ya Python, aghalabu huandika sentensi moja yenye pengo, kisha programu ikalijaza kwa nomino. Kiingereza hukubali. Kiswahili hugoma! Picha "imefutwa", jina "limefutwa", kiambatisho "kimefutwa", viambatisho "vimefutwa". Wapo wanaoshikilia "imefutwa" itumike kwa zote, eti mtumiaji ataelewa. Naam, kama tumwelewavyo mgeni anayebabaisha. Dawa si ngumu: kila nomino ihifadhiwe pamoja na viambishi vyake vya upatanisho, umoja na wingi. Lakini nani atamwambia mtunga programu? Sisi tuliosomea ngeli huitwa mwishoni kutafsiri vitufe vya "Ndiyo" na "Hapana", sentensi zikiwa zimekwisha kufungwa. Tuitwe mapema, au, bora zaidi, tujifunze Python wenyewe.