MTU AKIKATAA KUPOKEA BARUA YA KOSA

Hapa Shituru, Panda na Kikula, kuna jambo tunaloliona mara nyingi katika ofisi za kazi, nalo laharibu nyumba za watu. Mfanyakazi aitwa na mkubwa wake, aonyeshwa barua ya kuomba maelezo au barua ya onyo, naye aficha mikono nyuma na kusema: "Siipokei." Kisha atoka nje, na rafiki zake wamsifu kwamba ni mwanaume kweli.

Hatumcheki mtu huyo. Woga wa karatasi una asili yake hapa kwetu. Kwa amri ya Wabelgiji ya mwaka 1922, mfanyakazi mweusi aliyevunja mkataba wa kazi aliweza kutiwa gerezani. Karatasi ya mwajiri ilikuwa ndugu ya pingu. Tena mwaka 2003, Gécamines ilipoanza kuondoa watu zaidi ya 10,000 kwa jina la kuondoka kwa hiari, baba zetu walitia sahihi, wakapewa fedha ya mara moja, kazi ikaisha. Mtoto aliyekulia katika nyumba kama hiyo ataipendaje kalamu?

Lakini kukataa hakuizuii barua. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika fungu la 72, yasema kwamba mwajiri anayetaka kumfukuza mtu kwa kosa zito lazima amjulishe kwa maandishi katika siku 15 za kazi tangu alipojua kosa lenyewe. Barua yaweza kwenda kwa posta, au kutolewa mkononi na mtu akatia sahihi ya kuipokea. Akikataa, yatolewa mbele ya mashahidi wawili, na imetosha. Basi yule aliyeficha mikono amefukuzwa vilevile, ila hajui ameshitakiwa neno gani, wala hana karatasi ya kumwonyesha delege wa sindika wala enspektere wa kazi.

Kupokea si kukubali. Chukua barua, andika chini tarehe na saa, andika "nimepokea, sikubali," kisha utie sahihi. Dai nakala yako. Jibu kwa maandishi kabla ya siku uliyopewa kwisha. Kama mkono wako si mwepesi wa kuandika, delege yupo.

Nanyi wakubwa wa kazi, tuna neno kwenu pia. Mtu akikataa, msimkamate mkono, msimfungie mlango, wala msimtukane mbele ya wenzake. Msomeeni barua kwa lugha anayoisikia, maana Kifaransa cha ofisi kimewashinda wengi wenye akili nzuri. Mwacheni alale usiku mmoja, mumwite tena pamoja na delege. Akikataa bado, andikeni kwamba amekataa, na mashahidi watie sahihi. Sheria imetaja njia hiyo kwa barua ya kufukuza, lakini hata kwa onyo dogo yafaa kuifuata.

Na shahidi ni mtu aliyeona. Hapa ndipo penye ubaya mkubwa, na sisi makarani twaujua. Siku moja mkubwa mmoja alituletea karatasi saa kumi ya jioni, imeandikwa kwamba fulani amekataa barua mbele yetu. Huyo fulani alikuwa amekwisha kwenda kwake tangu saa nane, na barua hiyo hakuiona hata kwa mbali. Ana watoto wanaosoma. Kwa sahihi mbili tu angelikosa kazi, na hata akifika kwa enspektere angeliitwa mwongo.

Tulikataa kutia sahihi. Tukaambiwa tungojee barua yetu wenyewe. Ilikuja siku ya Jumatatu. Tuliipokea, tukaandika tarehe na saa, na yale maneno mawili.