Maji Si Dawa ya Kila Moto

Wahenga walinena, "Dawa ya moto ni moto." Sisi wanafunzi nasi tumejitungia yetu: dawa ya moto ni maji! Wapenzi wasomaji, methali hii yetu itatuua.

Muhula uliopita, mafuta ya kukaangia mandazi yalishika moto jikoni. Mwenzetu wa zamu akakimbilia ndoo ya maji. Bahati nzuri mpishi alimdaka mkono. Mama yule hakuisogeza sufuria; aliifunika kwa kifuniko chake, akavuta kuni nje, na moto ukafa. Kumbe maji yangezama ndani ya mafuta yale, yageuke mvuke ghafla na kuyarusha yakiwaka hadi usoni mwetu!

Moto wa karatasi, mbao au nguo, naam, umwagie maji. Moto wa petroli au mafuta ya taa, maji huueneza tu kwa kuwa mafuta huelea. Huo wataka povu au unga. Moto wa stima, zima swichi kuu kwanza, kisha tumia mtungi wa kaboni dayoksaidi. Na kule maabara, sodiamu ikiwaka, usithubutu kuitia maji: tumia mchanga mkavu.

Shuleni mwetu mtungi wa kuzimia moto unaning'inia ukutani kama pambo. Niliwauliza wenzangu wa kidato cha tatu unavyotumiwa, wakacheka tu. Jamani, si kazi ngumu: chomoa pini, elekeza mdomo wake kwenye shina la moto wala si kwenye ndimi zake, bana mkono, kisha upitishe huku na huko.

Hata hivyo, moto uliokwisha kufika darini haupiganwi, unakimbiwa. Lakini utakimbilia wapi mlango ukiwa na kufuli? Mwaka 1998 wasichana 26 waliteketea bwenini Bombolulu. Mwaka 2001 wavulana 67 wakafa Kyanguli, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yakiwa na vyuma.

Kwa maoni yangu, tufanye mazoezi ya moto kila muhula, kila mmoja wetu aushike mtungi ule kwa mkono wake, na mlango wa bweni usifungwe kwa nje tukiwa ndani. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hayo ndiyo maji tunayoyahitaji kwanza.