Goya Hakuwa Karani wa Mfalme

Imekuwa desturi miongoni mwa wahakiki wanaoigusa picha ya Francisco Goya ya maandamano ya watu wanaojichapa mijeledi, iliyochorwa kwa rangi za mafuta juu ya ubao kati ya 1812 na 1819, kuifasiri kwa tarehe moja tu. Mwaka 1777 Mfalme Carlos III wa Uhispania alipiga marufuku kujichapa hadharani katika maandamano ya kidini. Basi, wanahitimisha, Goya aliwakejeli wajinga waliokaidi. Hoja imekwisha na picha haijatazamwa.

Huku ni kuisoma sanaa kana kwamba mchoraji alikuwa karani wa kunakili amri za serikali. Goya alipoushika ubao huu, marufuku hiyo ilikuwa na umri usiopungua miaka 35. Lililokuwa jipya ni jingine: Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa iliyowasaka wazushi, ilifutwa na bunge lililokutana Cádiz mwaka 1813, kisha Fernando VII akairudisha mwaka 1814. Mahakama hiyo nayo Goya aliichora, katika ubao wa ukubwa ule ule, takriban sentimita 46 kwa 73. Picha zote mbili zimo katika Akademia ya San Fernando, Madrid.

Hata hivyo, muktadha peke yake hautoshi. Hapa ndipo mazoea ya kutenga maudhui na fani, ambayo wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wanayajua mno, yanapodhihirisha udhaifu wake. Kejeli ina fani yake, na Goya aliimudu. Katika Los Caprichos, michoro 80 iliyotolewa mwaka 1799, punda huvaa nguo za watu, nyuso hupindwa hadi zikachekesha, na chini ya mchoro huwekwa maneno makali. Kejeli ya namna hiyo hutaka uso. Wanaojichapa katika picha hii wamefunikwa nyuso na kuvikwa kofia ndefu zilizochongoka. Hakuna sura ya kuchekwa. Kilichoachwa wazi ni migongo.

Na migongo hiyo ndiyo iliyopewa mwanga. Sanamu ya Bikira Maria imevikwa nguo nyeusi. Sehemu kubwa ya umati imedokezwa kwa mipigo michache ya brashi. Miili iliyo mbele, kinyume chake, ina misuli na uzito. Mhakiki anayeona hapa dharau tu na aeleze kwa nini mchoraji aliwapa weupe wake bora wale anaodaiwa kuwadharau.

Haidaiwi kwamba Goya aliipenda ibada hiyo. Marafiki zake kadhaa walikuwa wapenzi wa mageuzi, na picha yenyewe haina faraja. Lakini kulilaani tendo na kumcheka mtendaji ni mambo mawili, na anayetaka kuyapambanua hatasaidiwa na amri ya 1777. Itambidi arudi kwenye ubao, ayatazame madoa mekundu juu ya nguo nyeupe.